Jina Nililolitoa Stoo

Alhamisi, 3 Februari 1994

Madaftari arobaini na mawili ya hesabu. Nimesahihisha thelathini. Mvua tangu saa nane, bati linapiga kelele mpaka nasahau nilikuwa nahesabu nini. Bupe amelala na kiatu kimoja mguuni. Nimemwacha hivyo hivyo.

Barua ya mhariri iko chini ya kopo la majani ya chai. Tangu Jumatatu nimeisoma mara tano. Hadithi imekubaliwa, sehemu zote sita! Gazeti ni jipya, la watu binafsi, moja ya haya yanayozaliwa kila mwezi siku hizi. Furaha ilinikaa siku moja nzima. Kisha nikasoma vizuri ukurasa wa pili.

Msimulizi wa hadithi yangu ni mzee. Anakiri kwamba ujanani alikwenda migodini kusini, akaoa huko, akamwacha mke yule na mtoto tumboni, akarudi nyumbani na kuoa tena kanisani kama mtu asiye na doa. Mhariri anasema hakuna msomaji atakayemwamini mzee huyo akikuta chini yake Mwalimu Editha Mlenga. Anataka jina la kalamu. La mwanamume, la huko kwenu, lenye uzito. Kabla mwezi haujaisha.

La huko kwetu! Kwetu ni Kilosa. Huku kijijini Masoko serikali ilinileta, ndoa ikanibakiza.

Jumapili, 6 Februari

Majina niliyojaribu baada ya ibada: Mzee Mchimbaji. Baba Dhahabu. Simba wa Rungwe. Nimejicheka mwenyewe. Yanafaa kuandikwa ubavuni mwa lori.

Nilijaribu pia la marehemu babu yangu. Nikaliandika mara kumi kwa mwandiko mzuri. Mara ya kumi nikasikia aibu, kana kwamba ameingia chumbani na kuniuliza nafanya nini.

Sielewi kwa nini jambo dogo hivi linanichanganya. Shuleni naitwa Mwalimu. Njiani Mama Bupe. Ukweni mkamwana. Nimeishi na majina ya kupewa miaka yote wala sijawahi kulalamika. Leo naambiwa nichague moja mwenyewe na nashindwa.

Gwakisa hajui. Yuko Mbeya, kiwandani, na barua yake ya mwisho inasema kiwanda kinatafutiwa mnunuzi, wengine watapunguzwa. Mume mwenye mawazo hayo humwandikii kwamba unatafuta jina la kiume. Nitamwambia gazeti likitoka. Nataka alione likiwa kamili.

Jumatano, 9 Februari

Mwalimu mkuu ameniamuru nisafishe stoo ya shule. Mchwa, chaki zilizoganda, ramani ya Afrika yenye nchi zisizokuwapo tena. Na chini kabisa, madaftari ya mahudhurio ya enzi za wamisionari. Nimekaa sakafuni nikayasoma mpaka kengele ya saa nane. Majina ya watoto ambao leo ni wazee au ni marehemu. Mwalimu wao alikuwa na mwandiko wa kunyooka kama mistari ya shamba la chai.

Ukurasa wa tisa nikalikuta. Kajuni wa Kinyala.

Palikuwa na Kajuni wawili darasani, ndiyo maana huyu akaandikiwa na kwao. Miezi minne amehudhuria kila siku. Halafu mstari mwekundu juu ya jina, na neno moja pembeni: ameondolewa. Basi. Hakuna sababu. Nimemwona mtoto huyo akirudi zake Kinyala na kibao chake kichwani kukinga mvua.

Kajuni wa Kinyala. Nimelitamka kwa sauti mle stoo. Limejaa kinywani vizuri. Ni jina la mtu aliyekwenda mbali akarudi na siri. Wala hakuna anayelitumia. Lilikuwa limelala chini ya mchwa, nimelitoa.

Ijumaa, 11 Februari

Nimeandika barua kwa mhariri. Nimeifunga, nimeifungua, nimeifunga tena. Mwalimu wa sayansi anakwenda Tukuyu kesho, ataipeleka posta. Nilimuuliza kama amewahi kumsikia mtu anaitwa Kajuni. Ametokea Kigoma, ana miezi mitatu hapa. Akasema hajamsikia. Nikajiona nimefanya uchunguzi.

Jioni nilikuwa natoka bombani nikamwona baba mkwe anakuja, kofia na fimbo. Nikaacha njia, nikaingia migombani na ndoo yangu, nikageuza mgongo mpaka akapita. Ndivyo ilivyo huku. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hali naye, hatamki jina lake, na watu hawalitamki mbele ya mkamwana huyo. Wengi wamelegeza, na pale Tukuyu mjini wanafanya mzaha kabisa. Nyumba hii hawajalegeza, ingawa yeye ni mzee wa kanisa. Miaka sita ya ndoa na sijui macho yake yana rangi gani. Najua jina lake la ubatizo, Yohana, kwa sababu liko kwenye cheti cha ndoa. Zamani nilidhani ananichukia. Gwakisa akaniambia kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nimezoea, ila ndoo inachosha mkono ukiwa umesimama migombani.

Jumamosi, 5 Machi

Limetoka!!

Ukurasa wa saba. Kichwa cha hadithi kwa herufi nene, na chini yake: Na Kajuni wa Kinyala. Nimenunua mawili pale stendi Tukuyu. Nilitaka kumwambia muuza magazeti kwamba ni mimi. Nikaishia kumwambia ndaga fijo, asante sana ya huku, kwa sauti kubwa mno mpaka akashangaa.

Kurudi Masoko nikakuta gazeti limeshatangulia. Dukani, wazee watatu wamekaa kwenye magunia ya kahawa ya mnunuzi mmoja binafsi, mmoja anawasomea wenzake. Hadithi yangu! Nikasimama pembeni nikijifanya nachagua sabuni. Walikuwa wanacheka, wanapigana mabega. Mmoja akafuta machozi. Sikuelewa. Sehemu ya kwanza haina cha kuchekesha, mtu anapanda treni akiwa na njaa.

Kisha wakaniona. Msomaji akalikunja gazeti na kulikalia. Wakanisalimu kwa adabu nyingi, wakaniulizia Bupe, wakaiulizia mvua kana kwamba hawakuwa wanaiona.

Jumanne, 8 Machi

Kuna kitu. Mama mkwe hajaja siku nne, na huwa hazipiti mbili bila kumletea Bupe maziwa. Mlinzi wa shule, Mzee Ndele, ambaye kwa kawaida ananuna mpaka adhuhuri, amenisalimu leo na tabasamu la meno yote. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Aa, mwalimu, mambo ya wazee. Wewe huwezi kuyasikia."

Siwezi kuyasikia. Nimejiuliza sana kama wamegundua mwandishi ni mimi. Lakini mbona hawanisemi? Watu wa hapa wakikukuta na kosa wanakuambia, tena kwa mzunguko, ila wanakuambia. Hawa wananificha jambo.

Jumamosi, 12 Machi

Sehemu ya pili imetoka. Na Gwakisa amekuja, bila kuandika kwanza, na begi lake lote. Nikajua. Amepunguzwa. Nilimpikia, nikamwacha ale, nikaona nimpe jambo jema la kumtoa kwenye mawazo. Nikamwekea magazeti yote mawili mezani. Nikasema, "Soma. Mke wako ndiye aliyeandika."

Alisoma kichwa cha habari akatabasamu. Akashuka mstari wa pili. Tabasamu likaondoka.

"Jina hili nani kakupa?"

"Nimechagua mwenyewe. Zuri, eti? Kajuni wa..."

Alinirukia. Kiganja chake kikaziba mdomo wangu, kwa nguvu, kikombe kikaanguka. Hajawahi kunigusa hivyo. Bupe akaanza kulia. Gwakisa akaniambia kwa sauti ya chini, mdomo wangu bado uko mkononi mwake.

Ni jina la baba yake.

Kabla ya ubatizo. Baba wa baba mkwe alihama Kinyala na watoto wadogo, akajenga hapa Masoko. Rika lake lote, wale aliokua nao, mpaka leo wanamwita hivyo. Wakiwa peke yao. Kamwe si mbele yangu. Mtu mmoja tu Masoko nzima ndiye hajawahi kulisikia, kwa sababu yeye ndiye aliyekatazwa.

Jumapili, 13 Machi

Sikwenda ibadani. Nimeomba ufunguo wa stoo.

Ukurasa wa kumi, mwandiko ule ule, wino ule ule: Yohana, mgeni, amebatizwa. Mahudhurio yanaanzia siku ile ile mstari mwekundu ulipochorwa. Hakurudi Kinyala. Alihama ukurasa mmoja tu. Ningegeuza karatasi ningeona.

Sitaliandika tena jina lile hapa. Nilifikiria kurudi nyuma kwenye daftari hili na kulifuta kwa wino. Nimeacha. Karatasi ingetoboka, na mimi ningejua bado liko wapi.

Yaani nimelitamka stoo, nikalifurahia. Nimelipeleka Dar es Salaam na likachapwa mara maelfu. Najisikia mchafu na sijui kama nina haki ya kujisikia hivyo. Sisi kwetu hatuna mwiko huu. Wa nani basi unaoniunguza?

Alhamisi, 17 Machi

Nimekwenda Tukuyu kupiga simu. Foleni ya saa mbili nzima, nikampata mhariri kwa dakika tatu. Nikamwomba abadilishe jina. Akacheka kwa furaha. Anasema wasomaji wanaulizia, jina limekaa vizuri, halibadilishwi katikati, na sehemu ya tatu tayari iko mtamboni. "Barua yangu uliipata?" Nikamwambia sijapata barua yoyote. Simu ikakatika.

Gwakisa amerudi kutoka kwa mama yake na habari mbaya zaidi. Mimi nilikuwa nahangaika na jina. Kumbe watu wanahangaika na hadithi. Masoko nzima inaamini baba mkwe ndiye ameandika. Naye kweli alikwenda migodini, miaka mitatu, kama wenzake wote. Sasa wanasema amezeeka, dhamiri imemsumbua, amekiri gazetini. Rika lake wanamcheka kwa upendo. Kanisa halicheki. Wazee wenzake wamemwita aje ajibu, Ijumaa ya wiki ijayo: mke wa kwanza yuko wapi, na mtoto je? Ikithibitika atavuliwa uzee wa kanisa na atatengwa na meza ya Bwana.

Na mama mkwe. Wanawake wanamwendea kumpa pole. Pole ya nini? Ya mwanamke niliyemtunga mimi hapa, kwenye meza hii, nikimenya magimbi.

Jumapili, 20 Machi

Gwakisa anasema ninyamaze. Hadithi itaisha, watu watasahau. Nikamuuliza, "Na baba yako?" Akasema baba yake atakana, kwa sababu hakuandika, na ndiyo itakuwa mwisho wake. Nikamwambia nani atamwamini, jina lake liko pale na kijiji chake kiko pale. Ameshinda nje akipasua kuni ambazo hatuzihitaji. Hana kazi, na mkewe amemvua baba yake nguo gazetini. Namwonea huruma. Nina hasira naye pia, kwa sababu miaka sita angeweza kuniandikia jina lile kwenye kipande cha karatasi na kusema, hili usiliguse.

Nimeamua. Ijumaa nitakwenda mbele ya wazee na daftari langu la hadithi, lenye makosa yangu yote niliyoyafuta, waone nani aliandika. Lakini mzee atakuwa humo humo. Nitaingiaje? Na wakiniuliza ni jina gani hilo ulilotumia, nitasema nini? Kukiri kosa langu kunataka nilifanye tena, mara hii mbele yake.

Sikumwambia Gwakisa uamuzi huu. Naanza kuzoea kumficha mambo.

Ijumaa, 25 Machi

Nimekwenda.

Ofisi ya kanisa ni chumba kidogo, dirisha moja upande wa migomba. Mlango ulikuwa wazi nusu. Niliona fimbo yake imeegemezwa ukutani. Daftari nimelifunga kwa kanga lisilowe. Hatua nne zilibaki. Miguu ilikataa. Ninasema kweli, nilisimama na kuiamuru na haikwenda. Nikazunguka mpaka dirishani, nikageuza mgongo ukutani kama nifanyavyo njiani, nikasikiliza.

Mwenyekiti wao aliuliza kwa upole. "Ndugu yetu, habari hii gazetini ni yako?"

Matone tu kwenye majani. Sauti yake nilikuwa naisikia kwa mbali siku zote, akifukuza ng'ombe. Leo ilikuwa karibu, hatua moja na ukuta. Nyepesi kuliko nilivyodhani.

"Jina ni langu," akasema.

"Tunajua jina ni lako. Tunauliza uliandika wewe?"

"Jina ni langu. Jibu nitalitoa mimi. Msimtafute mwingine."

"Na huyo mwanamke wa huko migodini?"

"Andikeni mnavyoona."

Wakamsihi. Mmoja alimsihi kwa Kinyakyusa, karibu analia. Hakuongeza neno. Hakusema uongo hata mmoja, nimeyarudia maneno yake njia nzima. Wakamvua uzee. Miezi sita asishiriki meza ya Bwana, tena itatangazwa.

Kanga ililoa mpaka daftari likalowa. Niliondoka kabla hajatoka. Sijui kama desturi ndiyo iliyonishika miguu au woga. Nimejiuliza mpaka sasa na kila nikijibu naona najidanganya.

Jumamosi, 26 Machi

Mama mkwe amekuja. Na maziwa. Akamtuma Gwakisa nje kwa kisingizio cha mbuzi, akakaa, akatoa bahasha kifuani. Imefunguliwa. Juu yake jina lile na sanduku la posta la shule.

Ndiyo barua ya mhariri ambayo sikuipata. Mzee Ndele ndiye anayepanga barua za shule. Alipoona jina akafurahi, hakuuliza mtu, akaipeleka moja kwa moja kwa mwenye jina. Nani mwingine angempelekea? Ndiyo maana alitabasamu vile! Mhariri ameandika: Wape salamu wanafunzi wako, mwalimu, na usiogope, siri yako ninayo.

"Mzee alisoma mara mbili," mama mkwe akasema. "Mwalimu anayeandika ni mmoja hapa. Jioni akaniambia, huyu mtoto hakujua."

Mzee alikuwa anajua, basi, tangu wiki ya kwanza. Alikwenda mbele ya wazee akijua.

Nikapiga magoti nikalia. Nikamwambia kesho nakwenda kwa mchungaji kusema yote. Akanishika bega, na mkono wake si wa mchezo.

"Huendi. Amesema hivi, na mimi ninakuletea kama alivyosema. Ukiwaambia ni wewe, watakuuliza jina. Utalitaja. Ukoo watasikia kwamba mkamwana amelitaja jina la mkwe wake na kulitembeza nchi nzima, na hapo si mambo ya kanisa tena. Watataka urudishwe kwenu. Yeye benchi la nyuma anaweza kulikalia. Mjukuu wake kulelewa Kilosa, hapana."

Nikamwambia, "Lakini wanamdhania uongo, mama. Mwanamke yule nimemtunga. Hayupo."

Alinitazama muda mrefu. Anakaribia miaka sitini, meno mawili ya mbele hayapo, na sijawahi kumwona amechoka namna ile.

"Umemtunga," akasema.

"Ndiyo, mama. Haki ya Mungu."

"Mimi sijawahi kumuuliza. Miaka arobaini. Alipovuliwa uzee jana nikafikiri, sasa atasema kwamba mwanamke huyo hakuwapo. Hakusema." Akasimama, akafunga kanga vizuri. "Mungu, Kyala, ndiye anajua. Maziwa yachemshe, ng'ombe ana kikohozi."

Jumatatu, 28 Machi

Nina hasira leo. Sijui nimkasirikie nani kwa hiyo nimewakasirikia darasa la tano.

Sehemu ya nne wameisoma kwa sauti dukani. Wanasifu. "Kumbe mzee ana ulimi hivi!" Mwalimu mkuu amesema katika chumba cha walimu kwamba tungekuwa na wazee wanne kama yule tusingehitaji vitabu vya kiada. Nikaitikia. Maneno yangu, usiku na mchana wangu wa mwaka mzima. Niliyatafutia jina ili nijifiche, na mtu amesimama mbele yangu nikafichika kweli kweli. Ninamshukuru na ninamwonea wivu. Hata kuandika sentensi hiyo ni aibu. Iko hapo lakini, ni kweli.

Na swali la mama mkwe limeniingia. Je, kama nimemtunga mwanamke aliyekuwapo?

Alhamisi, 7 Aprili

Sehemu ya tano imetoka Jumamosi, imebaki ya mwisho. Leo bahasha ya mhariri, safari hii imenifikia, Mzee Ndele ameipeleka kwanza kule kwa wakwe, kule wamemrudisha na kumwambia aniachie mezani bila maneno.

Anataka hadithi ya pili. Ametuma fomu. Mstari wa kwanza: Jina la mwandishi. Pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi kwamba nisithubutu kubadili, jina sasa lina wasomaji wake. Tena fomu irudi upesi.

Gwakisa anasema niache kuandika. Baada ya saa moja akasema nisiache. Baada ya hapo akasema yeye hajui. Tukacheka kidogo, mara ya kwanza tangu arudi. Amepata kibarua cha kupima kahawa kwa yule mnunuzi.

Fomu iko tupu. Kuna majina mengine elfu kwenye yale madaftari ya stoo. Kila nikiwaza moja naona mtu ameketi chini yake.

Jumapili, 10 Aprili

Mvua ilipumzika asubuhi. Mlima umeonekana wote.

Kanisani ndipo mahali pekee ambapo mimi na mzee huwa chini ya paa moja. Yeye mbele kabisa, benchi la wazee. Mimi na Bupe benchi la mwisho karibu na mlango, ili nitoke kabla hajageuka. Miaka sita. Leo nimefika nikamwona mgongo wake, kofia magotini, kwenye benchi la nyuma upande wa wanaume. Waliotengwa hukaa pale. Kati yetu ni njia tu ya katikati.

Nisingeweza kukaa. Nikamshika Bupe mkono nikaenda mbele. Mabenchi ya katikati yamejaa. Nimeishia la kwanza kabisa, chini ya mimbari, ambako hukaa wake za wazee. Mama mkwe alikuwa pale. Akasogea.

Mchungaji amesoma tangazo baada ya wimbo wa pili. Yohana, na kosa, na miezi. Akasoma polepole. Mabenchi yakalia, kanisa zima likageuka kumtazama nyuma. Watoto wamesimama wapate kuona. Hata mama mkwe aligeuka, akamwangalia muda mrefu.

Mimi peke yangu sikugeuka. Nilitazama kitambaa cha mimbari mpaka nikahesabu mishono. Baada ya ibada wanawake wawili wamenipa mkono, wakamwambia mama mkwe kwamba ana mkamwana mwenye heshima.

Nimerudi, nimejaza fomu. Jina la mwandishi: Editha Mlenga. Mhariri anaweza kuikataa, na mwalimu mkuu nitamwomba kesho ruhusa ya kuandika gazetini kwa jina langu, anaweza kuninyima. Gwakisa ameisoma, amelamba bahasha mwenyewe. Kisha nimemenya ndizi, tumekula, Bupe amelala.